Jino lililochimbika penye fizi: kwanza tafuta kinacholila, kuziba baadaye

Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya jino, upande wa shavu, ukitokea kwenye ncha kushuka kwenye fizi. Anza na chonge, kisha magego madogo mawili yanayofuata. Ukucha utateleza vizuri tu, kama juu ya sahani ya udongo. Ukikaribia fizi na ukucha ukanasa kwenye kishimo, au ukadumbukia kwenye mfuo wenye kona kali kama shoka lilipogonga shina la mti, basi hicho ndicho ninachotaka kukieleza. Ukikitazama kwa kioo kina rangi ya njano kuliko sehemu nyingine ya jino, kinang'aa, ni kigumu, na ndani hakuna uchafu. Ukivuta hewa kwa mdomo, au ukinywa maji yaliyotoka kwenye friji, hapo hapo panachoma.

Wengi hapa Dar es Salaam hufika kliniki wakisema, "Daktari, jino limetoboka, naomba uzibe." Mara nyingi halijatoboka. Kutoboka huletwa na bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na palipooza huwa laini, pa kahawia au peusi, chombo cha kupimia hunasa kwa kuzama. Hapa jino limelika bila kuoza: limesuguliwa, limelainishwa na asidi, pengine limeelemewa na nguvu za kusaga meno, na kwa kawaida mambo hayo huja mawili au matatu kwa pamoja. Tofauti hii inabeba matibabu yote. Jino lililooza tunaondoa uozo na kuziba. Lililolika, ukiliziba huku kinacholila kikiendelea, dawa ya kuzibia itabaki imesimama kama kisiwa na jino litachimbika pembeni yake.

Kwa nini iwe pale penye shingo ya jino? Enameli, lile gamba jeupe la nje, ndiyo tishu ngumu kuliko zote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Kwenye ncha za magego unene wake hufika milimita 2 au zaidi. Lakini kadiri inavyoshuka kwenye fizi inapungua, hadi inaishia nyembamba kama makali ya kisu. Chini yake kuna dentini, yenye madini asilimia 70 hivi, laini zaidi, na iliyojaa vijitundu visivyoonekana kwa macho vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Ndani ya vijitundu kuna majimaji. Baridi, upepo au utamu ukiyasogeza, mishipa ya fahamu iliyo kwenye kiini huhisi mchomo. Ndiyo maana kishimo kidogo cha nusu milimita kinaweza kuuma sana, na kirefu cha milimita 2 kisiume kabisa: kile kirefu kimechukua miaka, vijitundu vimejiziba kwa madini, dentini imekuwa ngumu na yenye kung'aa kama kioo. Kutouma kwake si ushahidi kwamba kimeacha kuchimbika.

Tuanze na asidi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Enameli huanza kupoteza madini pH mdomoni (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) ikishuka chini ya 5.5 hivi; dentini huanza mapema zaidi, pH ikiwa bado juu ya 6. Maji ya ndimu yana pH kati ya 2 na 2.5. Soda za kola ziko karibu na 2.5. Juisi ya ukwaju huwa karibu na 3, na embe bichi haiko mbali na hapo. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili: ukila embe bichi kwa chumvi na pilipili, meno yanakufa ganzi. Ganzi ile ni kinyume cha kukosa hisia. Meno yanahisi kupita kiasi, kwa kuwa asidi imesafisha midomo ya vijitundu vya dentini na kulainisha juu ya enameli. Ukishika mswaki dakika ile, unasugua kitu kilicholainika, na kinaondoka.

Kiasi unachokunywa kina uzito mdogo kuliko jinsi unavyokunywa. Glasi moja ya ukwaju ukiimaliza na chakula, mate yataituliza asidi baada ya muda. Chupa ileile ukiinywa kidogo kidogo kwenye foleni ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, jino linaogelea kwenye asidi safari nzima. Wakati wa mfungo wa Ramadhani jambo hili ni zito zaidi, maana mdomo umekauka mchana kutwa na mate ndiyo kinga kubwa ya jino. Fungua kwa maji na tende, kunywa uji, halafu juisi ya ndimu au ukwaju ije katikati ya chakula. Baada ya kitu chochote kichachu sukutua kwa maji, au kunywa maziwa, na usipige mswaki kabla ya nusu saa kupita; saa nzima ni bora. Kama unajijua asubuhi utakunywa juisi ya machungwa, piga mswaki kabla yake.

Asidi nyingine hutoka tumboni. Kiungulia cha mara kwa mara na matapishi ya ujauzito huyala meno, hasa upande wa ndani wa meno ya juu, upande wa kaakaa. Nikiona ndani pamelika kuliko nje, naanza na maswali ya tumbo kabla ya mswaki. Aliyetapika asukutue kwa kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye glasi ya maji, na mswaki usubiri.

Sasa mswaki. Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani, alichapisha mwaka 1907 majaribio yaliyoonyesha kwamba unga wa kusafishia meno ukisuguliwa kwa mswaki huchimba shingo ya jino vilevile tunavyoona kinywani mwa watu. Jambo hilo bado ni kweli: nywele za mswaki peke yake hazikati enameli kiasi cha kuonekana, kinachokata ni chembe za dawa. Ukali wa dawa ya meno hupimwa kwa kipimo kinachoitwa RDA, na viwango vya kimataifa haviruhusu kuzidi 250. Kwa mtu ambaye tayari ana vishimo napendelea dawa iliyo chini ya 100. Dawa zinazoahidi kung'arisha meno mara nyingi ndizo zenye chembe kali. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga mwembamba havina kipimo chochote. Navipinga moja kwa moja. Na kuchanganya ndimu na magadi ili meno yawe meupe ni kosa kwa sababu ya ndimu: magadi ya kuokea yenyewe ni laini.

Kuna kundi ambalo nalihurumia kwa dhati. Ni watu waliokulia Arusha, Manyara na sehemu za Kilimanjaro, ambako maji mengi yana madini ya floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yao yana rangi ya kahawia tangu yalipoota. Wakihamia mjini wanasugua kwa nguvu, kwa dawa kali, mara tatu au nne kwa siku, ili rangi itoke. Haitoki, kwa sababu imo ndani ya enameli yenyewe, iliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya. Kinachotoka ni shingo ya jino. Rangi ile ina matibabu yake kliniki, na hakuna hata moja linalofanywa kwa mswaki mgumu.

Namna ya kupiga mswaki ina mambo machache ya kushika. Chukua mswaki laini. Dawa iwe ukubwa wa punje ya njegere, yenye floridi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500. Shika mpini kwa ncha za vidole kama kalamu, usiufumbate ngumi, maana ngumi ndiyo inayoleta nguvu ya bega. Laza nywele kwa pembe ya digrii 45 zielekee kwenye mpaka wa jino na fizi, zitetemeshe hapo hapo mara kumi hivi, kisha fagia kuelekea ncha. Msumeno wa kwenda na kurudi ndio unaochora mfuo. Tumia dakika 2, mara mbili kwa siku, ukimaliza tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Halafu tazama unaanzia wapi: watu huanzia upande uleule kila siku, dawa ikiwa nzito na mkono ukiwa na nguvu, na mara nyingi vishimo vikubwa ndivyo viko hapo. Badilisha mahali pa kuanzia.

Anayetumia mswaki wa mti asiuache. Lakini atafune ncha mpya ikiwa mbichi au imelowekwa, akate nyuzi zilizotumika, na asugue kutoka fizini kwenda kwenye ncha ya jino. Nyuzi kavu zikipelekwa kushoto na kulia hukwaruza fizi mpaka inashuka, na fizi ikishuka dentini ya mzizi inabaki bila kinga.

Kuhusu nguvu za kusaga meno: mwaka 1991 daktari wa meno John Grippo alitoa jina maalumu kwa wazo kwamba jino likibanwa vibaya hujipinda kidogo shingoni na enameli ikameguka vipande vidogo. Kwenye majaribio ya maabara na hesabu za kompyuta inaonekana. Kwa watu halisi, kwamba kubanwa peke yake kunatosha kuchimba jino, ushahidi ni dhaifu, na mimi sisagi uso wa jino la mtu kurekebisha namna meno yanavyogongana kwa ajili ya kishimo cha shingo tu. Nikiona ncha zilizosagika bapa na mtu anaamka taya limechoka, kifaa cha kuvaa usiku kina sababu yake.

Kabla ya kuziba chochote, napima. Kina kwa chombo chenye alama za milimita, picha, na kwa wanaohitaji kufuatiliwa kwa karibu, mstari mwembamba unaochorwa kwa wembe wa upasuaji namba 12 juu ya uso wa kishimo. Mstari ukiwa bado unaonekana vizuri baada ya miezi, kulika kumesimama. Ukififia au kupotea, kuna kitu mgonjwa hajakiacha au hatujakitambua. Ni kipimo kisicho na gharama na hakihitaji umeme, na nasikitika kwamba hakitumiki zaidi.

Maumivu tunayatibu bila kuchimba. Dawa ya meno yenye potasiamu nitrati asilimia 5 hufanya kazi, ila inataka wiki 2 hadi 4 za kutumiwa kila siku; wengi huiacha siku ya tano wakisema haisaidii. Yenye stanasi floridi huziba vijitundu. Kliniki tunapaka vanishi ya sodiamu floridi ya asilimia 5 juu ya jino lililokaushwa, na siku ile mswaki unasubiri hadi kesho yake.

Nitaziba pale kina kinapozidi milimita 1 na maumivu yamekataa kutulia, pale chakula kinaponasa, pale uozo umeingia ndani ya kishimo, pale jino limebaki jembamba kiasi cha kutishia kiini, au pale linapoonekana mtu akicheka na linamkosesha raha. Kuziba hakurudishi fizi iliyoshuka. Kama upandikizaji wa fizi unafikiriwa, uamuzi huo utangulie.

Kwa wenzangu wanaoziba: vijazo hivi hudondoka kuliko vingine kinywani, na sababu mbili kubwa ni unyevu na ule ung'avu wa dentini ngumu. Safisha kwa unga wa jiwe la pamisi na maji, chagua rangi kabla jino halijakauka, ingiza uzi mwembamba namba 000 kwenye mfuko wa fizi ili majimaji na damu visipande. Kwaruza kidogo dentini inayong'aa kwa ncha ya mashine yenye chembe laini za almasi, na chonga ukingo wa enameli uwe mteremko. Asidi ya fosforiki asilimia 37 ikae kwenye enameli sekunde 15, osha, futa maji. Gundi isuguliwe kwa sekunde 20, ipulizwe mpaka isitikisike tena, ndipo taa ya kuigandisha. Kompositi, dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, iende kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja sekunde 20 za mwanga.

Pasipowezekana kukausha vizuri, glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuzibia inayochanganywa kwa unga na majimaji, ni chaguo la heshima, na ile iliyochanganywa na resini hushika vizuri kwa miaka. Paka asidi ya poliakriliki asilimia 10 kwa sekunde 20 na uoshe. Pima unga kwa kijiko kilichosawazishwa, na weka dawa ingali inang'aa. Ikishafifia haishiki tena, na joto la Dar hufupisha muda huo, hasa feni peke yake ikiwa ndiyo inayofanya kazi. Funika kwa vanishi au vaselini. Ukimaliza pitisha chombo chembamba penye fizi: kingo iliyobaki hata robo milimita itakusanya ukoga, fizi itatoka damu, na mgonjwa ataogopa kupasafisha.

Maumivu ya baridi yanayokatika mara tu baridi inapoondoka ni ya dentini. Yanayobaki dakika kadhaa, yanayokuamsha usiku, au yanayokuja yenyewe bila kuchokozwa, ni ya kiini, na hayo hayasubiri wiki 4 za dawa ya meno. Na ukija kliniki kwa ajili ya kishimo, funga kwenye mfuko mswaki wako unaoutumia kila siku pamoja na dawa yako ya meno, uje navyo. Usininunulie mswaki mpya njiani. Nywele zilizolala upande mmoja ndani ya wiki 3 zitanieleza mkono wako unakwendaje.