Latensi, jita na pakiti: kwa nini simu ya intaneti hukatakata hata bando likiwa kubwa

Ofisi nyingi za Kigoma sasa hupiga simu kwa intaneti, ama kwa WhatsApp ama kwa simu ya mezani iliyochomekwa kwenye ruta. Sauti ikianza kukatakata, ushauri wa kwanza ni ule ule: ongezeni spidi. Mara nyingi hiyo ni pesa inayopotea bure. Simu moja yenye sauti safi kabisa hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, na zipo njia za kuibana sauti zinazotumia pungufu ya hapo. Laini inayoonyesha video bila kugota ina nafasi ya kutosha.

Kinachoharibu mazungumzo ni namna sauti inavyosafiri. Simu huikata vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakokwenda. Kipande hicho ndicho pakiti. Kila sekunde huondoka pakiti 50.

Muda ambao pakiti hutumia njiani huitwa latensi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukizidi sana, wazungumzaji wanaanza kukatizana maneno. Wengi hapa husingizia umbali. Lakini reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma ina kama kilomita 1,250, na mwanga ndani ya nyaya za faiba hukata urefu huo kwa milisekunde 6 hivi. Setilaiti zilizo juu kilomita 36,000 ni habari nyingine: kupanda na kushuka tu ni karibu robo sekunde.

Jita ndiyo inayosumbua zaidi, na ndiyo isiyotajwa. Chukua bodaboda zinazotoka Ujiji kwenda Mwanga kila baada ya dakika moja: zikifika tatu kwa mpigo, kisha kimya, kisha mbili, hiyo ndiyo jita, yaani pakiti kufika kwa vipindi visivyo sawa. Simu hujikinga kwa kuweka akiba ndogo ya pakiti kabla ya kuzicheza. Itakayochelewa kupita akiba hiyo hutupwa, nawe unasikia neno limemezwa. Haitumwi tena, maana silabi iliyopitwa na wakati haina kazi.

Na jita hutoka wapi? Mara nyingi ni foleni ndani ya ruta yenu wenyewe. Mtu mmoja akipandisha video au kompyuta ikijisasisha, pakiti za sauti hukaa nyuma ya mzigo huo. Kwa hiyo fungua mipangilio ya ruta, tafuta sehemu iliyoandikwa QoS, uipe simu kipaumbele. Simu ya mezani iunganishe kwa waya badala ya Wi-Fi. Kisha, wakati ofisi ina kazi nyingi, pima kwa amri ya ping, ambayo kompyuta huitumia kutuma pakiti na kupima muda wa kupata jibu: majibu yakiruka kutoka milisekunde 40 hadi 300 na kurudi, tatizo ni foleni.

Kuna hali moja ya kutenganisha na hizi: simu inaita, inapokelewa, lakini mmoja tu anamsikia mwenzake. SIP, yaani utaratibu wa kuita na kuunganisha simu, imefanya kazi yake. Sauti hupita njia yake nyingine, RTP, na huenda imezuiwa na ruta inayobadilisha anwani za ndani, kazi iitwayo NAT. Hapo mwite fundi akague mipangilio ya NAT, na bando liache lilivyo.