Je, Wajua? Kwa Nini Wawindaji wa Dubu Hawaelewani Juu ya Pipa la Donati

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, dubu mweusi huwindwa kwa donati. Si utani. Julai inapoisha, pikapu huanza kuingia kwenye barabara za makampuni ya magogo zikiwa zimepakia mapipa, mikate iliyolala, keki zilizopitwa na tarehe na madumu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Mara mbili, mwaka 2004 na 2014, wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa kama chambo hicho kipigwe marufuku, pamoja na kuwinda dubu kwa mbwa na kwa mitego. Mara zote mbili hoja ilianguka kwa pengo dogo, takriban kura 53 kwa 47 katika kila mia.

Kwamba watetezi wa wanyama walitaka marufuku, hilo halimshangazi mtu. Kinachoshangaza ni wawindaji wenyewe. Wapo wenye bunduki na leseni mfukoni wasiotaka hata kusikia habari ya pipa, na wapo wanaosema bila pipa hakuna uwindaji wa dubu Maine. Kwa nini? Jibu linaanzia kwenye pipa lenyewe.

Pipa la kawaida ni lile la chuma la lita 200 hivi. Hutobolewa tundu ubavuni, upana wa sentimita 25 au 30, ili dubu aingize mkono na kuchota kidogo kidogo badala ya kula yote kwa mkupuo. Kisha hufungwa kwenye mti kwa mnyororo. Lisipofungwa, dubu mkubwa atalibingirisha hadi bondeni na kazi yote itakuwa imeharibika. Ndani hutiwa donati, bisi, mkate na karanga zilizochanganywa na molasi. Mafuta ya kukaangia hayaingii ndani. Humwagwa chini, mbele ya tundu, dubu ayakanyage. Akiondoka anaondoka na harufu kwenye nyayo, na kila anapopita anawaachia dubu wengine njia ya kufuata hadi mezani.

Sheria ya Maine inaruhusu chambo kuwekwa siku 30 kabla ya msimu kufunguliwa, na msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Uwindaji wa kwenye chambo hudumu takriban wiki nne. Chambo kiwe angalau yadi 50 (mita 46 hivi) kutoka njia ya magari, na zaidi ya yadi 500 (karibu mita 460) kutoka dampo. Kwa nyumba inayokaliwa umbali ni huohuo, isipokuwa mwenye nyumba ametoa idhini ya maandishi. Pahala pawekwe kibao chenye jina na anwani ya mhusika, mwenye ardhi awe ameridhia, na ifikapo Novemba 10 kila kitu kiwe kimeondolewa.

Mwindaji hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, mita nne au tano kutoka ardhini. Mwenye upinde hukaa mita 15 hadi 20 kutoka pipani. Mwenye bunduki anaweza kurudi nyuma zaidi. Upepo ndio hakimu hapa. Dungu huwekwa upande ambao upepo unatoka pipani kuja kwa mwindaji, maana pua ya dubu haina mzaha na akikunusa hutamwona siku hiyo, pengine wiki hiyo. Pipa hujazwa kila siku au kila baada ya siku mbili, saa zilezile, mara nyingi mchana dubu wanapopumzika. Dubu hujifunza ratiba. Ukiacha pipa likakauka siku tatu, wale wakubwa wanahamia kwingine na unabaki kulisha rakuni, wanyama wadogo wadokozi wa kule.

Hata ukifanya yote sawasawa, unaweza kushindwa na mti. Misitu ya Maine ina miti ya bichi, ambayo huelekea kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Mwaka wa mbegu nyingi, dubu huyapa mapipa kisogo na kwenda kula mlimani. Mwaka wa njaa hujaa kwenye chambo. Asiyejua hili husema dubu wameisha, au wameongezeka, kumbe ni habari ya mbegu tu.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Wanaotetea chambo huanza na msitu. Mashariki ya Marekani, hasa mwishoni mwa Agosti, majani ni mazito kiasi kwamba dubu anaweza kuwa hatua 30 kutoka kwako usimwone. Takwimu za idara ya wanyamapori ya Maine wakati wa kura ya 2014 zilionyesha kwamba karibu dubu wanne kati ya watano waliouawa jimboni waliuawa kwenye chambo, ilhali wanaowinda kwa kutembea tu hawafanikiwi hata watatu kati ya mia. Idara ilikadiria kuwepo kwa dubu zaidi ya 30,000, na ilisimama waziwazi upande wa kupinga marufuku: ikiondolewa njia hii, ilisema, idadi haitadhibitika.

Hoja hiyo ndiyo iliyopigiwa debe, lakini kwa maoni yetu siyo yenye nguvu zaidi. Yenye nguvu ni ya muda wa kutazama. Kwenye pipa, dubu husimama au hukaa dakika kadhaa, na pipa lenyewe ni rula. Urefu wake ni kama sentimita 88. Dubu akisimama kwa miguu minne na mgongo wake ukawa karibu na ukingo wa juu, huyo ni mkubwa. Mgongo ukifika nusu ya pipa, ni mtoto wa juzi, mwache. Masikio nayo husema: ya dubu mdogo huonekana makubwa na yamekaa juu ya kichwa, ya dume lililokomaa huonekana madogo na yametengana pembeni. Jike mwenye watoto mara nyingine huja peke yake, watoto wakibaki juu ya mti jirani, hivyo anayejua kazi yake husubiri kwanza asikie kama kuna kukwaruza magome. Halafu kuna suala la shabaha. Dubu ana mafuta mengi na manyoya mazito yanayonywa damu, na akipigwa vibaya haachi alama ya kufuatwa. Akiwa ametulia kwenye pipa, mwindaji anaweza kungoja ageuke ubavu na kulenga nyuma tu ya mguu wa mbele. Anayekutana na dubu ghafla vichakani hana nafasi hiyo.

Wawindaji wa upande wa pili hawakatai lolote kati ya hayo. Wanasema tu kwamba huko si kuwinda. Mnyama aliyelishwa mwezi mzima kwa saa maalumu, wanauliza, amepewa nafasi gani ya kukukwepa? Nao wana mfano unaouma: katika jimbo hilohilo la Maine, ni kosa kuweka chambo cha paa wa kule kuanzia Juni 1 hadi Desemba 15. Mtu anayemwaga kilo 40 za donati kwa ajili ya dubu Septemba atashtakiwa akimwaga tofaa kwa ajili ya paa Novemba. Wengine wanahofia sifa. Wanaona picha za mapipa ndizo zinazowapa wapinzani wa uwindaji wote silaha, na kwamba ni afadhali kupoteza chambo kuliko kupoteza kura kubwa zaidi baadaye.

Lipo pia suala la chakula chenyewe, na hapa watetezi hujibu kwa kigugumizi. Kabla ya majira ya baridi, dubu anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku, hivyo pipa la sukari si kionjo tu kwake. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa jimbo la Wisconsin ulikuta kwamba chambo cha wawindaji kilikuwa zaidi ya asilimia 40 ya mlo wa dubu. Huko sheria inaweka kikomo cha galoni 10, takriban lita 38, kwa kila eneo la chambo. Chokoleti ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa kuwa theobromini iliyomo hudhuru moyo na mishipa ya fahamu ya dubu. Mwaka 2014 huko New Hampshire, jimbo jirani na Maine, majike wawili na watoto wawili walikutwa wamekufa karibu na chambo kilichokuwa na kilo 40 hivi za chokoleti na donati. Sumu ilikuwa hiyo.

Majimbo mengine yalikwisha kuamua. Colorado ilipiga kura ya kukataza chambo mwaka 1992, Oregon 1994, Washington 1996. Idaho na Michigan zilikataa marufuku mwaka huo wa 1996, na Alaska ikakataa 2004. Katika hifadhi za taifa za Alaska zinazoruhusu uwindaji, serikali kuu ilikataza chambo 2015, ikaruhusu 2020, ikakataza tena 2024, safari hii ikitaja usalama wa wageni.

Wapenda marufuku huitaja sana Colorado, kwa sababu dubu hawakufurika. Waliouza leseni walipata wateja wengi zaidi, na hao wakaendelea kuua dubu bila mapipa. Lakini Colorado ina mabonde ya wazi ambako mtu hukaa na darubini upande huu akamwona dubu upande wa pili. Kulinganisha hapo na kichaka cha Maine ni kuwaonea wote wawili.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani mambo haya ni ya mbali. Kenya ilifunga uwindaji wote wa michezo mwaka 1977, lakini Tanzania, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii, chui huvutwa kwa paja la swala au la pundamilia lililofungwa kwenye tawi, na mwindaji hujificha kwenye kibanda cha majani akingoja jioni. Kanuni zinataka auawe dume tu. Bila nyama ile juu ya tawi, chui angepita kama kivuli, na hakuna ambaye angeweza kuhakiki jinsia yake kabla ya kufyatua.