Mama wa njiti si mshtakiwa

Juzi nimeyasikia tena, humuhumu wodini Mtwara. Binti wa Tandahimba anakamua maziwa kwenye kikombe, mtoto njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 30, mwenye kilo 1.2, amefungwa kifuani pake kwa kitenge, kofia imemfika nyusini. Mama mkwe kasimama miguuni mwa kitanda: "Si nilikwambia uache mawazo? Ona, mtoto kaja njiti, na ubongo ndiyo umeshaharibika." Binti akaacha kukamua. "Daktari, kwa hiyo ni mimi?"

Hapana. Alifika na presha ya 170 kwa 110, protini tele kwenye mkojo, ikabidi azalishwe kabla hajapata kifafa cha mimba. Wengine ni malaria, UTI, pacha, upungufu wa damu. Wapo ambao sababu hatuioni kabisa.

Sasa hilo la ubongo, maana ndilo linaloniumiza. Mwaka 2019 watafiti wa King's College London walitoa utafiti wa njiti 251. Mama zao waliulizwa misukosuko ya wakati wa ujauzito: kufiwa, kuachana na mume, hata kuhama nyumba. Watoto wakapigwa MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya ubongo. Kadiri msongo ulivyokuwa mzito, ndivyo nyuzi fulani za mada nyeupe, zile zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na ya pembeni na kuhusika na hisia, zilivyoonekana tofauti. Soma tena: tofauti. Watoto wote hao walikuwa njiti, kwa hiyo utafiti haukuuliza nani alimleta mtoto mapema. Na vitu viwili kuonekana pamoja hakumaanishi kimoja kimezaa kingine. Mama mwenye mawazo mengi mara nyingi ndiye huyohuyo asiyekula vizuri na asiyelala.

Msongo wa mama kumfikia mtoto tumboni, hilo linawezekana. Kotisoli ya mama, yaani homoni ya msongo, hupita kwenye kondo la nyuma, ambako kimeng'enya, yaani protini inayovunjavunja kemikali, huivunja nyingi isimfikie mtoto, na msongo mkali huenda ukaudhoofisha ulinzi huo. Lakini sisi wenyewe tunawachoma mama hawa deksamethasoni, ndugu wa kotisoli, na kimeng'enya kile hakiivunji vizuri. Tunaichoma kwa sababu inakomaza mapafu na kuokoa maisha. Inafanya nini kwenye ubongo miaka mingi baadaye? Wataalamu bado wanabishana, nami kila nikiiandika kalamu inasita kidogo. Naiandika.

Ubongo wa wiki 30 bado una mikunjo michache, kazi kubwa iko mbele. Baridi, sukari kushuka, manjano, maambukizi, kukosa hewa: hivyo ndivyo ninavyoviogopa, na vyote tunaweza kupambana navyo leo. Utafiti wa 2021 wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kumweka njiti kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo.

Binti yule siku tatu hajalala. Mumewe yuko Dar kwenye kibarua, pesa za korosho hazijaingia. Nikamwambia mama mkwe: "Mama, mawazo yake ukitaka yapungue, mpokee mtoto, naye apate kulala kwa muda wa saa mbili."

Akanitazama. Akavua kanga ya begani, akafungua vifungo vya gauni. Nesi akamkabidhi mtoto, ngozi kwa ngozi.

"Fundo nilifunge nyuma au ubavuni, daktari?"