Mwanafunzi wa uuguzi akinyamaza wodini, usikimbilie kulaumu tabia yake

Katika wodi za Uganda, mwanafunzi wa uuguzi asiyeuliza maswali huambiwa upesi kwamba ni mpole mno au hana ari. Haiba ina mchango wake, kweli. Mwenye wasiwasi mwingi hujifunga mapema. Lakini usalama wa kisaikolojia, yaani imani kwamba ukiuliza au ukitaja kosa hutaaibishwa, ni hali ya kikundi kizima. Ndiyo maana mwanafunzi yuleyule huongea wodi ya watoto, akihamishiwa ya upasuaji anakuwa bubu.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990. Timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi, kwa sababu watu hawakuogopa kuyataja.

Chukua mfano wa gentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Mtoto mchanga wa kilo 3, kwa miligramu 5 kwa kilo, anahitaji miligramu 15. Ampuli, yaani kichupa cha dawa, ikiwa na miligramu 80 katika mililita 2, atapewa karibu mililita 0.4. Nukta ya desimali ikihama, zinavutwa mililita 4: ampuli mbili nzima! Mwanafunzi anaiona ampuli ya pili ikivunjwa. Kama jana alikaripiwa mbele ya wagonjwa, atanyamaza, hata awe mchangamfu vipi.

Kwa hiyo sista na mwanafunzi wahesabu dozi kila mmoja peke yake, kisha walinganishe majibu kabla ya kuvuta dawa. Mwanafunzi akikosea, zuia mkono kwanza. Maelezo yafuate mbali na kitanda. Na “Una swali?” haisaidii sana. Uliza, “Dozi hii umeipataje?”