Je, wajua wanasayansi wangeitambuaje ishara ya viumbe wenye akili kutoka nje ya Dunia?

Tangu mwaka 1960 wanasayansi wamekuwa wakielekeza darubini za redio kwenye nyota, wakitafuta dalili kwamba wapo viumbe wengine wenye akili na ufundi wa kutosha kurusha mawimbi ambayo sisi tunaweza kuyanasa. Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza huuliza kama wamewahi kusikia chochote. Wamesikia, tena mengi mno: katika uchunguzi mmoja wa nyota mia kadhaa, kompyuta huweza kuokota mamilioni ya ishara zinazofanana na kile kinachotafutwa. Zile ambazo chanzo chake kimejulikana zimetoka kwa binadamu wenyewe, yaani kwenye simu, rada, setilaiti na vituo vya redio, au kwa vitu vya asili vya angani. Ndiyo maana swali zito katika kazi hii ni lile la utambuzi: mtaalamu aliyeletewa ishara moja kati ya mamilioni atajuaje kuwa haikutoka hapa Duniani, wala haikuzalishwa na nyota au gesi, bali ilitengenezwa kwa makusudi na kiumbe wa mbali?

Kwanza ifahamike kwa nini redio ndiyo iliyochaguliwa. Mnamo Septemba 1959 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison, walichapisha makala fupi katika jarida la Nature wakieleza kwamba mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, hupenya mavumbi yaliyotanda kati ya nyota ambayo huizuia nuru ya kawaida, na hayahitaji nishati kubwa kuyazalisha. Walikwenda mbali zaidi na kupendekeza masafa ya kuanzia, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ambayo ni takriban megahezi 1420 (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde, na megahezi ni hezi milioni moja). Hayo ndiyo masafa ambayo atomi za haidrojeni hutoa mawimbi yake, na kwa kuwa haidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote katika ulimwengu, walihisi kwamba mwanafalaki yeyote, popote alipo, lazima awe anayafahamu. Hoja hiyo bado naiona kuwa miongoni mwa hoja safi kabisa zilizowahi kutolewa katika sayansi, kwa sababu inatafuta kitu ambacho watu wasiowahi kukutana wangeweza kukubaliana juu yake bila kuambizana.

Lakini kuchagua masafa hakutoshi, kwani anga lenyewe lina kelele. Nyota, mawingu ya gesi na galaksi zote hutoa mawimbi ya redio. Kinachotofautisha mawimbi ya asili na ya mtambo ni upana wake. Katika wingu la gesi kila atomi huenda kwa mwendo wake, nyingine zikija upande wetu na nyingine zikienda kinyume, na kwa hiyo mawimbi yake hutufikia yakiwa yametawanyika katika masafa mengi yanayopakana. Hata vyanzo vya asili vyenye mawimbi membamba kuliko vyote vinavyojulikana hutoa mawimbi yenye upana wa mamia ya hezi. Mtambo uliotengenezwa kwa ustadi, kinyume chake, unaweza kurusha wimbi lenye upana usiofika hata hezi moja. Kwa hiyo watafiti huyagawa masafa ya redio katika vipande vyembamba sana, mamilioni kwa mamilioni, kisha kompyuta hukagua kila kipande kuona kama nishati imekusanyika mahali pamoja kwa namna ambayo vitu vya asili havijulikani kufanya.

Kipimo cha pili hutokana na mwendo. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake na hulizunguka Jua, na bila shaka sayari ya hao wengine nayo huzunguka. Mtumaji na mpokeaji wanapobadilisha mwendo wao namna hiyo, masafa ya ishara hupanda au kushuka kidogo kidogo kadiri muda unavyopita, kwa mujibu wa athari inayoitwa ya Doppler. Ishara ambayo masafa yake yamesimama palepale bila kusogea hata kidogo inaonyesha kwamba mtambo unaoirusha umetulia nasi hapahapa ardhini, na mara nyingi huondolewa mara moja.

Kipimo cha tatu ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoangamiza madai mengi. Darubini huelekezwa kwenye nyota inayochunguzwa kwa dakika kama tano, kisha hugeuzwa kutazama sehemu nyingine ya anga kwa muda uleule, kisha hurudishwa kwenye nyota, na hivyo mara kadhaa. Ikiwa ishara inatoka kweli kwenye nyota hiyo, itaonekana darubini inapoitazama na itatoweka inapogeuzwa. Ikiendelea kusikika hata darubini ikiwa imetazama kwingine, basi imeingia kwa pembeni na chanzo chake ni karibu nasi.

Tahadhari hii ilianza siku zilezile za mwanzo. Mwanafalaki Frank Drake alipoanza utafutaji wa kwanza mnamo Aprili 1960, akitumia darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 26 huko Green Bank katika jimbo la West Virginia, alichagua nyota mbili za jirani zinazofanana na Jua, Tau Ceti na Epsilon Eridani, ambazo ziko umbali wa miaka ya nuru kati ya 10 na 12 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Muda mfupi tu baada ya kuielekeza darubini kwenye Epsilon Eridani alipata mipigo yenye nguvu sana. Baadaye mipigo hiyo ilisikika tena, safari hii hata kwa antena ndogo ambayo haikuelekezwa kwenye nyota hiyo, na Drake akatambua kwamba ilikuwa kazi ya binadamu.

Kisa cha mwaka 1967 kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu chanzo kilikuwa angani kweli. Jocelyn Bell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, Uingereza, aliona katika karatasi ndefu za darubini yake mipigo iliyorudi kila baada ya sekunde 1.337, kwa utaratibu kamili kama wa mtambo. Haikuwa ya Duniani, kwa maana chanzo chake kilichomoza pamoja na nyota, mapema kwa takriban dakika nne kila siku, jambo ambalo shughuli za watu zinazofuata saa ya Jua haziwezi kulifanya. Kwa muda mfupi chanzo hicho kilipewa jina la utani lililohusu viumbe wa kijani. Mambo mawili ndiyo yaliyowapa jibu. Mipigo haikuonyesha mabadiliko ambayo yangetokea kama ingekuwa inatoka kwenye sayari inayoizunguka nyota yake, kisha Bell mwenyewe akagundua chanzo cha pili cha aina hiyo katika upande mwingine kabisa wa anga. Si rahisi makundi mawili ya viumbe yasiyojuana yawe yanatupigia mipigo ya namna moja kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo zilivyogunduliwa pulsa, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka, yaliyoshindiliwa na kuzunguka kwa kasi. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo alipewa msimamizi wake Antony Hewish, aliyegawana tuzo hiyo na Martin Ryle aliyetuzwa kwa kazi nyingine, ilhali Bell aliachwa nje. Nasema bila kusita kwamba hakutendewa haki.

Ishara inayotajwa zaidi katika historia hii yote ilinaswa tarehe 15 Agosti 1977 na darubini ya Big Ear ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Siku chache baadaye Jerry Ehman, aliyekuwa akipitia karatasi za kompyuta, alikuta mfululizo wa herufi na tarakimu 6EQUJ5, akauzungushia duara na kuandika pembeni neno la mshangao, «Wow!». Kila tarakimu na herufi iliwakilisha nguvu ya ishara, na ile U ilimaanisha kwamba ishara ilifikia takriban mara 30 ya kelele ya kawaida. Ilidumu sekunde 72, muda uleule ambao darubini hiyo isiyogeuka ilihitaji ili chanzo kilichotulia angani kipite mbele yake kwa mzunguko wa Dunia, na ilikuwa karibu sana na yale masafa ya haidrojeni. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba darubini hiyo ilikuwa na vipokezi viwili vilivyotazama sehemu zilizokaribiana, hivyo chanzo halisi kilipaswa kuonekana mara mbili kwa kupishana dakika chache, nacho kilionekana mara moja tu. Ehman na wengine waliokuja baada yake walirudi kutazama sehemu hiyo ya anga, upande wa kundinyota la Mshale, na hawakupata kitu. Mtafiti mwangalifu hawezi kuiita ishara hiyo ushahidi, kwa kuwa jambo lisilorudiwa haliwezi kupimwa mara ya pili.

Katika miaka ya karibuni mfano unaofundisha zaidi ni wa ishara iliyopewa jina BLC1. Mwezi Aprili na Mei 2019 darubini ya Parkes nchini Australia ilikuwa ikiitazama Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, kwa umbali wa miaka ya nuru 4.2. Data hizo zilipochambuliwa na Breakthrough Listen, mradi wa kutafuta viumbe hao ulioanzishwa mwaka 2015, ilionekana ishara nyembamba katika masafa ya takriban megahezi 982, ambayo masafa yake yalisogea polepole na ambayo ilionekana kutoweka darubini ilipogeuzwa. Ilikuwa imevuka vipimo vyote vitatu nilivyovieleza. Watafiti, wakiongozwa na Sofia Sheikh, hawakuridhika. Walipekua data zote za siku hizo na kukuta ishara nyingine nyingi zenye umbo na mwendo uleule katika masafa mengine, zikiwa zimepangika kwa nafasi zinazolingana na masafa ya saa za ndani zinazoratibu vifaa vya kielektroniki, na baadhi yake zilisikika hata darubini ikitazama kando. Mwaka 2021 walitangaza kwamba BLC1 ilitokana na vifaa vya binadamu. Katika kituo hichohicho, mwaka 2015, mipigo ya ajabu iliyokuwa imewasumbua wataalamu kwa miaka mingi ilithibitika kutoka kwenye tanuri ya mikrowevu iliyofunguliwa mlango kabla haijamaliza kazi yake.

Je, miaka hii zaidi ya 60 bila ishara iliyothibitika inamaanisha kwamba tuko peke yetu? Hapana, na sababu ni udogo wa eneo lililokaguliwa. Mwaka 2010 mwanafalaki Jill Tarter, aliyeitumikia kazi hii kwa miongo mingi, pamoja na wenzake walilinganisha utafutaji uliokwisha kufanyika na glasi moja ya maji iliyochotwa kutoka bahari zote za Dunia. Anayeitazama glasi hiyo na kutoona samaki hana haki ya kusema bahari haina samaki. Hesabu nyingine ya mwaka 2018 iliongeza kiasi hicho hadi kufikia maji ya bwawa dogo la kuogelea, ambayo bado ni kidogo sana. Ikumbukwe pia kwamba si lazima kutafuta redio pekee: wapo wanaosaka miale ya leza, na wapo wanaotafuta joto la ziada ambalo mitambo mikubwa mno ingelitoa kuizunguka nyota.

Sehemu ya kazi hii sasa inafanyika barani Afrika. MeerKAT, mkusanyiko wa antena 64 katika nyanda kame za Karoo nchini Afrika Kusini, hutumiwa na Breakthrough Listen kwa lengo la kukagua nyota milioni moja, bila kuwanyima wanafalaki wengine nafasi yao, kwa kuwa data zilezile huchambuliwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Antena nyingi zilizotawanyika zina faida kubwa dhidi ya udanganyifu tulioueleza: mawimbi ya karibu huzifikia kwa namna tofauti na mawimbi yatokayo mbali angani. Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo hayo dhidi ya mawimbi ya shughuli za watu. Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio unaoitwa SKA, ambao MeerKAT itaunganishwa nao, na ningependa sana kuona vijana wa Afrika Mashariki wakiwa mbele katika uchambuzi huo.

Ikitokea siku moja ishara ikavuka kila kipimo, watafiti wana utaratibu waliokubaliana tangu mwaka 1989. Aliyeiona hatakiwi kukimbilia kutangaza. Atawajulisha kwanza watafiti wenzake ili waithibitishe kwa darubini nyingine, mahali pengine, kwa vifaa vingine. Ikithibitika, habari itolewe kwa wote bila kufichwa, wala mtu yeyote asitume jibu kabla ya mashauriano ya kimataifa. Kanuni hizo si sheria na hakuna serikali inayofungwa nazo. Mojawapo inataka yaombwe mapema makubaliano ya nchi, kupitia shirika la kimataifa la mawasiliano ITU, ili masafa yaliyobeba ishara hiyo yalindwe, mitambo yetu wenyewe isije ikaizima.