"Fundi, gari haiwaki": inazunguka au haizunguki?

Simu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wanapotaka kuwahi foleni. Maneno ni yale yale: "Fundi, gari haiwaki." Na mimi swali langu ni lile lile: "Ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki?" Upande wa pili kimya kidogo, kisha sauti yenye hasira: "Sasa fundi, si nimekwambia haiwaki?"

Tatizo linaanzia hapo. Neno "haiwaki" tumelibebesha magonjwa mawili. Kuna gari ambalo ukizungusha ufunguo injini haijigusi, au inajivuta kama mzee anayepanda ngazi. Na kuna gari linalozunguka vizuri, nye-nye-nye-nye, ila halishiki. La kwanza ni kesi ya umeme mkubwa: betri, tamino (vibanio vya nyaya kwenye nguzo za betri), nyaya nene na stata, ile mota inayozungusha injini. La pili, betri na stata zimeshamaliza kazi yake, kwa hiyo tafuta mafuta, moto wa plagi au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Nimeona mtu ananunua betri mpya kwa gari la aina ya pili. Alirudi nyumbani na gari lile lile lisilowaka, ila sasa linazunguka kwa kasi zaidi.

Nafanya umeme wa magari Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wana Toyota za mtumba kutoka Japani: IST, Vitz, Noah na jamaa zao. Ninayoandika hapa yanahusu hayo zaidi.

Tuanze na gari lisilozunguka. Kama hata dashibodi haionyeshi taa, usihangaike sana: betri imekwisha kabisa au tamino imeachia. Lakini kama taa za dashibodi zinawaka vizuri na ukipiga stata pako kimya, jaribu kitu kimoja kabla hujanipigia. Kama gari ni otomatiki, kanyaga breki, peleka gia kwenye N, piga tena. Pale kwenye gia boksi kuna swichi inayozuia stata isipate umeme kama gia haiko P au N, na ikichakaa inakuwa haitambui P. Gari la kitufe nalo hutaka kwanza lijue umekanyaga breki. Swichi ya breki ikifa, utabonyeza mpaka kidole kiume. Mwambie mtu asimame nyuma aangalie kama taa za breki zinawaka.

Ukisikia "tak" moja nzito halafu basi, mara nyingi stata yenyewe ndiyo inayolalamika. Solinoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, imevuta lakini umeme haukupita kwenda kwenye mota. Kwenye stata nyingi za Toyota za miaka ya 1990, ndani ya solinoidi kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa kidogo kidogo na cheche mpaka havigusani sawasawa. Leo utapiga mara tatu ndipo ishike, mwezi ujao mara kumi. Fundi mwenye subira anabadilisha vile vishaba tu. Asiye na subira anakuuzia stata nzima ya mtumba, ambayo nayo hujui vishaba vyake vina umri gani.

Na ile ya kugonga stata kwa spana ya gurudumu? Inafanya kazi, siwezi kukataa. Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zikiisha hazikandamizi vizuri, ukigonga zinasogea kidogo zinagusa. Itakufikisha nyumbani. Siku inayofuata usijidanganye kwamba imepona.

Sasa ile sauti maarufu: tak-tak-tak-tak-tak, kama cherehani. Mtaani hukumu yake iko tayari: "Betri hiyo." Na mara nyingi ni kweli. Betri dhaifu inaweza kuvuta solinoidi, lakini mota ikidai mzigo wake volti zinaanguka, solinoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ndiyo maana siwasikilizi wanaosema "betri nzima fundi, honi inalia na redio inapiga." Taa mbili za mbele zinakula ampea tisa hivi. Stata ya injini ndogo ya petroli inataka zaidi ya mia. Mtu anaweza kubeba kikombe cha chai bila shida na bado ashindwe kubeba gunia.

Lakini si kila tak-tak-tak ni betri. Dada mmoja aliniita Tabata kwa IST yake. Alikuwa ameshanunua betri mbili ndani ya wiki tatu, ya pili baada ya kuambiwa ya kwanza ilikuwa feki. Nikapiga: tak-tak-tak-tak. Ila niliona kitu ambacho hakikukaa sawa: taa za mbele hazikufifia hata kidogo. Betri ikiwa imechoka, ukipiga stata taa hulala. Hizi zilikuwa zinaniangalia tu.

Nikatoa multimita, ambayo kwangu ni kama kipimo cha malaria kwa daktari. Bila hiyo unabahatisha. Betri iliyotulia: volti 12.6, imejaa. (12.4 bado ni nzuri, 12.2 imebaki nusu, ikishuka chini ya 12 ichaji kwanza ndipo uendelee kupima.) Nikamwomba apige stata huku nimeshika waya za kipimo kwenye nguzo za betri. Betri nzima hushuka, lakini isiende chini ya 9.6. Hii ilishuka mpaka 12.3 tu. Hapo ndipo ilipojieleza: betri haikushindwa kubeba mzigo, mzigo haukuifikia. Kuna mahali umeme unakwama.

Umeme hauendi tu, lazima urudi. Watu wote wanaangalia waya mwekundu, mweusi wanausahau. Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikasema piga tena. Kwenye gari zima utasoma 0.2 au chini. Hapa namba ziliruka kupita 7. Yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea kwenye waya wa ethi, ule mweusi wa kurudisha umeme kwenye betri, bila kufanya kazi yoyote.

"Dada, hii gari ilishushwa gia boksi karibuni?"

"Ndiyo, mwezi uliopita, ilikuwa inavuja oili. Umejuaje?"

Nilijua kwa sababu waya wa ethi hufungwa pale pale. Bolti ilirudishwa kwa vidole, juu ya oili na kutu. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza. Ikawaka kwa mguso. Kazi nzima dakika kumi na tano, na betri moja kati ya zile mbili sasa inawasha taa nyumbani kwa kaka yake.

Huna multimita? Piga stata mara mbili tatu, kisha gusa tamino kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, umeme unakwama hapo hapo. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota juu yake unyunyizie maji ya moto, usugue, ukaze.

Na ukiazima umeme kwa gari jingine, mpangilio wa waya una maana. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa: ibane kwenye chuma cha injini yake. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Faida yake nyingine watu hawaijui: ukibana pale unaruka waya wa ethi wa gari hilo. Kwa hiyo kama liligoma mtu alipobana kwenye nguzo hasi, lakini linawaka ukibana kwenye injini, usinunue betri, kaangalie ethi. Likishawaka, pima kwenye betri injini ikinguruma. Uone kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu, altaneta haichaji, na kesho asubuhi utanipigia tena.

Upande wa pili, gari linalozunguka bila kushika, nitaugusa kwa kifupi, maana huko ni kazi ya mashine na vifaa. Kama linazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa kubana, na injini yako ni ya mkanda wa taimingi kama 3S ya Noah za zamani, acha kupiga. Huenda mkanda umekatika. Kama taa ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi, huenda gari halitambui ufunguo wako: jaribu wa akiba. Na usihukumu pampu ya mafuta kwa sababu tu hukusikia ikivuma ulipofungua switchi. Toyota nyingi za zamani haziiendeshi mpaka injini ianze kuzunguka.

Kuna hali moja tu ambayo nakuomba usipige stata hata mara moja: gari limezimikia majini, mvua za masika, pale bonde la Jangwani au popote maji yalipopita boneti. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na stata ikalazimisha pistoni, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Sukuma gari litoke majini, liache na ufunguo wako mfukoni. Nikifika natoa plagi zote nne kwanza, ndipo tunazungusha injini, na hapo simama pembeni, maana maji yanaruka hadi kwenye boneti.