Mgeni wa shamba la chai amlipe nani?

Kazi yangu hapa Mombasa ni kupanga ziara za watalii, na wakulima wa chai kutoka Kisii wameniuliza wajenge hoteli ya namna gani ili wageni wafike kijijini kwao. Kwa maoni yangu hoteli ije mwisho, ikiwa itahitajika. Kwanza wakubaliane ni mikono ipi itakayopokea fedha za mgeni.

Mkulima mdogo huchuma majani mawili na kichipukizi, akayapeleka kwenye kituo cha kununulia; kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, huchachushwa, hukaushwa na kupangwa kwa madaraja, kisha chai huteremshwa hadi maghala ya Mombasa, ambako mnada umekuwapo tangu mwaka 1969 na ambako chai ya Uganda na Rwanda huuzwa pia. Sehemu kubwa huchanganywa na nyingine ng'ambo, na mnywaji hajui kamwe ilichumwa kijiji gani. Mgeni anayefika shambani ni mnunuzi wa aina nyingine: anamwona mchumaji, na yuko tayari kulipia kile anachoonyeshwa.

Basi aonyeshwe kazi yenyewe. Avishwe kikapu, achume, na majani yake magumu yakataliwe kama yanavyokataliwa ya mwenyeji. Kiwanda kikiruhusu, aone majani ya kijani yakigeuka rangi ya shaba. Mchana ale obokima (ugali) na chinsaga (mboga ya mgagani) katika nyumba ya mkulima (tafadhali, msimpikie chipsi), kisha apelekwe Tabaka, huko huko Kisii, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni, ambao vinyago vyao tunavikuta kwenye maduka ya Pwani kwa bei ambayo mchongaji haipati. Chai ya kumwonjesha ni rahisi. Ya kumfungashia na kumwuzia inahitaji vibali, hivyo Bodi ya Chai iulizwe kabla pakiti hazijachapishwa.

Kuhusu soko, sitarajii mtalii aliyekuja ufukweni Diani kwa wiki moja avuke nchi nzima kwa ajili ya chai peke yake. Anayefaa kutafutwa ni yule anayekwenda Maasai Mara, kwa kuwa barabara ya Kisii kupitia Kilgoris huelekea huko, pamoja na Wakenya wenyewe, wakiwamo watu wa Mombasa wanaokunywa chai ya tangawizi kila siku na hawajawahi kuuona mchai. Hawa wa pili huuliza bei mapema. Itangazwe ikiwa imegawanywa waziwazi kati ya mwenye shamba, mpishi na mwongozaji, na kila mmoja alipwe siku hiyo hiyo kwenye simu yake.